Mto Kagera haukumwachia mtu nafasi ya kusema ‘hatukujua’

Na Mwandishi Wetu, Ngara

UKISIMAMA leo katika daraja la Rusumo, upande wa Ngara, unachokiona ni malori ya mafuta na ya makontena yakisubiri zamu ya kuvuka kwenda Kigali. Chini yake maji ya mto Kagera yanaporomoka kwa kishindo. Pembeni upo mradi wa umeme wa megawati 80, ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana. Msafiri kijana anaweza kupita hapo, akagongewa muhuri hati yake na kwenda zake asijue ni mahali gani amepita.

Hali ni tofauti kwa mkazi wa Nyamiaga, Kasulo au Rulenge ambaye sasa ana miaka 45 au zaidi. Huyo anakumbuka kwamba kuanzia Aprili 28, 1994, katika muda wa saa 24 tu, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja hilo kwa miguu wakitoka Rwanda. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilieleza wakati huo kwamba halikuwahi kuona umati mkubwa kiasi hicho ukivuka mpaka kwa kasi namna ile.

Anakumbuka pia kilichopita chini ya daraja. Siku zile mto ulikuwa ukichukua maiti. Zilielea kupitia maporomoko ya Rusumo, zikafuata mkondo wa mto hadi Ziwa Victoria, ambako wavuvi wa Uganda walizikuta ufukweni. Maelfu ya maiti hizo zimezikwa katika maeneo ya Kasensero, Lambu na Ggolo, ambayo hadi leo yana makaburi ya kumbukumbu.

Zaidi ya miaka 30 imepita tangu wakati huo. Swali linalostahili kuulizwa sasa ni hili: watu wa kawaida waliopitia mambo hayo, wale ambao hawakuwa mawaziri, majenerali wala majaji, wanayakumbuka kwa namna gani? Wanasimulia nini, na wananyamazia nini?

Swali hili si la Ngara peke yake. Lipo taifa moja ambalo limelitafuna kwa miongo minane, nalo ni Ujerumani. Uzoefu wake unaweza kutusaidia kusikiliza vizuri zaidi simulizi za hapa kwetu.

Ujerumani si ngeni katika eneo hili. Mei 1894, karne moja kamili kabla ya mauaji ya kimbari, ofisa wa Kijerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka mto Kagera hapo hapo Rusumo na kuingia Rwanda. Baadaye, kuanzia 1901 hadi 1906, akawa gavana wa koloni lililozijumuisha Tanganyika, Rwanda na Burundi.

Neno moja la kujitetea

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipomalizika barani Ulaya Mei 1945, Wajerumani wa kawaida walikuwa na mengi ya kusimulia. Miji yao ilikuwa magofu. Katika mji wa Dresden peke yake watu wapatao 25,000 waliuawa kwa mabomu Februari 1945. Wajerumani wapatao milioni 12 walifukuzwa au kukimbia kutoka makwao upande wa mashariki, wengi wao wanawake, wazee na watoto waliokuwa wakikokota mizigo barabarani. Wanaume kwa mamilioni walikuwa wamekufa vitani au walikuwa mateka.

Haya yote yalikuwa kweli, na yalisimuliwa kwa kirefu mezani na katika mikusanyiko ya familia. Lakini ilipoulizwa habari ya majirani Wayahudi waliochukuliwa mchana kweupe na kupakiwa katika treni, jibu lilikuwa fupi. Wengi walisema hawakujua.

Wamarekani walilipima jibu hilo mapema katika mji wa Weimar. Umbali wa kilometa nane hivi kutoka mjini ilikuwapo kambi ya mateso ya Buchenwald, ambako watu wapatao 56,000 walipoteza maisha. Aprili 16, 1945, jeshi la Marekani liliwalazimisha wakazi wapatao 1,000 wa Weimar kupanda mlima na kwenda kujionea maiti na mahututi wa kambi hiyo. Baadhi walizimia, wengine walilia, na wengi walisema hawakuwa na habari. Hata hivyo, kabla ya kambi kujengewa tanuri lake mwaka 1940, maiti za wafungwa zilikuwa zikichomwa katika tanuri la manispaa ya mji huo huo.

Miaka 40 baada ya vita, mkuu wa nchi yao alilijibu neno hilo waziwazi. Mei 8, 1985, Rais Richard von Weizsäcker aliliambia Bunge mjini Bonn kwamba aliyefungua macho na masikio yake hakuweza kukosa kujua kuwa treni zilikuwa zikiwapeleka watu mahali fulani. Alikuwa akisema na kizazi chake mwenyewe, kwani naye alipigana vita hiyo akiwa ofisa wa jeshi.

Hata baada ya hapo mambo hayakunyooka. Mwaka 2002 Harald Welzer na watafiti wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na familia 40 za Kijerumani. Waligundua kwamba simulizi ya babu hubadilika kila inaposhuka kizazi. Babu aliyeeleza kwamba aliona uovu na akanyamaza, au hata akashiriki, kwa wajukuu wake anageuka kuwa mtu aliyewasaidia wanyonge. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Ni upendo wa familia unaoisafisha historia taratibu, hadi taifa linabaki na wahalifu wachache wasio na wajukuu na mashujaa wengi wasiojulikana walikofanyia ushujaa wao.

Udikteta unaoanzia mlangoni

Turudi kwenye mto wetu. Watu waliovuka Rusumo Aprili 1994 hawakutoka katika vita tu. Walitoka katika utawala ambao kwa miaka 20 ulikuwa umepenya hadi katika mlango wa kila nyumba.

Meja Jenerali Juvénal Habyarimana alitwaa madaraka kwa mapinduzi Julai 5, 1973. Mwaka 1975 aliunda chama cha MRND, ambacho kila Mnyarwanda alihesabiwa kuwa mwanachama wake. Kitambulisho cha raia kilitaja kabila lake, jambo lililorithiwa kutoka kwa Wabelgiji. Nchi iligawanywa katika wilaya, komuni, sekta na seli, na chini kabisa akawapo mtu ambaye Wanyarwanda walimwita kwa neno la Kiswahili: nyumbakumi.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa mjumbe wa nyumba kumi ni nani. Kwetu alijulikana kwa kugawa sukari wakati wa uhaba, kusuluhisha ugomvi wa mke na mume na kutambua wageni. Nchini Rwanda muundo kama huo ulirahisisha kazi nyingine mwaka 1994: kujua nani anakaa wapi, ana watoto wangapi, na kitambulisho chake kinasema nini.

Vita baina ya serikali hiyo na RPF ilianza Oktoba 1, 1990. Redio RTLM ilianza kurusha matangazo ya chuki Julai 1993. Aprili 6, 1994 ndege ya Habyarimana ilitunguliwa Kigali akitoka kwenye mkutano Dar es Salaam, akafa pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Mauaji yaliyofuata yalidumu siku 100 hivi. Umoja wa Mataifa unakadiria waliouawa kuwa 800,000, na Serikali ya Rwanda inasema walizidi milioni moja. Walengwa walikuwa Watutsi, pamoja na Wahutu waliopinga mauaji hayo.

Benaco: Njaa ilisimuliwa, jirani hakutajwa

Umati uliovuka Rusumo ulielekezwa Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya kigeni ya ujenzi wa barabara iliyowahi kuweka kambi hapo. Baada ya wiki chache Benaco ilikuwa mojawapo ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani, na nyingine zikafuata: Lumasi, Musuhura, Kitali na Lukole. Wakimbizi katika wilaya ya Ngara walikuwa wengi kuliko wenyeji.

Wanahabari wa dunia nzima walifika, na wakimbizi walisimulia. Walieleza njaa, kiu, miguu iliyovimba, watoto waliopotea njiani, na hofu ya kulipiziwa kisasi na wapiganaji wa RPF. Hofu hiyo haikuwa hadithi tupu. Mwaka huo huo wa 1994 Robert Gersony, aliyetumwa na UNHCR, alikusanya maelezo ya wakimbizi wengi kuhusu mauaji yaliyodaiwa kufanywa na wapiganaji hao. Matokeo ya kazi yake hayakutangazwa rasmi wakati huo.

Lakini mwandishi alipouliza habari za majirani Watutsi, mara nyingi alikuta ukuta. Sababu moja ilikuwa hatia. Nyingine ilikuwa kwamba yule aliyepaswa kuogopwa alikuwa amevuka pamoja nao.

Kambi zilipangwa kwa komuni walizotoka wakimbizi, kwani ndiyo njia iliyoonekana rahisi ya kuhesabu watu na kugawa chakula. Matokeo yake, uongozi wa Rwanda ulihamia Ngara ukiwa mzima. Sylvestre Gacumbitsi, mkuu wa komuni ya Rusumo, alikutwa Benaco na mwandishi wa BBC Fergal Keane, akiwa bado kiongozi miongoni mwa watu wake. Katika komuni yake maelfu ya watu walikuwa wamechinjwa katikati ya Aprili ndani na kuzunguka kanisa la Nyarubuye. Mwaka 2001 alikamatwa katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda (ICTR) iliyokuwa Arusha ilimhukumu kifungo cha miaka 30 Juni 2004, na Julai 2006 rufaa ikaishia kwenye kifungo cha maisha.

Mwingine ni Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa mkuu wa komuni ya Murambi. Juni 1994 ilipotakiwa aondolewe Benaco, maelfu ya wakimbizi waliwazingira wafanyakazi wa misaada kwa vitisho. Mwaka 2011 ICTR ilimtia hatiani, na mwaka uliofuata adhabu yake ikawa kifungo cha miaka 40. Desemba 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka lilijiondoa katika kambi za Tanzania, likisema haliwezi kuendelea kuwalisha waliotenda mauaji.

Katika hali kama hiyo, mama wa kawaida aliyejua ni nani aliua nani, angemwambia nani? Asubuhi yake angepanga foleni ya mahindi mbele ya mtu yuleyule.

Hapa ndipo mfano wa Ujerumani unapotufundisha jambo. Simulizi za mateso ya mtu wa kawaida ni za kweli, na zinastahili heshima. Lakini ukweli wake haujibu swali la jirani. Mtu anaweza kuwa aliteseka kwa haki yote ya neno hilo, na bado akawa aliona, akanyamaza, au akanyoosha kidole. Anayekusanya kumbukumbu akisikiliza sehemu ya kwanza tu, atakuwa amerudia kosa la Wajerumani wa miaka ya 1950.

Na wenyeji je?

Ni rahisi kumuuliza Mjerumani na Mnyarwanda. Ni vigumu zaidi kujiuliza wenyewe.

Wahangaza na Washubi wa Ngara walikuwa na nafasi ya pekee. Kihangaza kinakaribiana sana na Kirundi na Kinyarwanda, kwa hiyo mwenyeji hakuhitaji mkalimani. Alisikia yaliyosemwa sokoni, kwenye foleni ya maji na katika vilabu vya pombe. Mzungu wa shirika la misaada angeweza kusema hakujua. Mwenyeji wa Ngara aliyeuona mto na kuielewa lugha hakuwa na nafasi hiyo.

Simulizi ya wenyeji mara nyingi huanza na ukarimu, na ukarimu huo ulikuwapo kweli. Siku za mwanzo, kabla ya misaada kufika, watu walipokea wageni na kugawana nao chakula. Kisha inakuja simulizi ya hasara: misitu iliyokatwa kwa kuni hadi vilima vikabaki vipara, migomba iliyovunwa usiku, ujambazi wa kutumia silaha, walimu na wauguzi walioacha kazi za serikali kufuata mishahara ya mashirika. Kuna na simulizi ya faida, ambayo husemwa kwa sauti ya chini: biashara iliyochangamka, vibarua, barabara, na ndizi zilizopata bei. Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 chini ya shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, ni tunda la miaka hiyo.

Lakini ipo sura inayosimuliwa kwa nadra. Mwanzoni mwa Desemba 1996 Serikali na UNHCR zilitangaza kwa pamoja kwamba wakimbizi wote wa Rwanda wawe wamerejea kwao ifikapo Desemba 31. Wengi hawakutaka. Takriban Desemba 12 maelfu kwa maelfu waliacha kambi na kuelekea upande wa mashariki, ndani zaidi ya Tanzania. Wanajeshi waliwazuia na kuwageuza. Kufikia mwisho wa mwezi karibu watu nusu milioni walikuwa wamevushwa daraja lilelile la Rusumo, na mashirika ya haki za binadamu yalilalamika kwamba hawakurudi kwa hiari.

Mtu anaweza kutetea uamuzi huo kwa hoja nzito. Kambi zilikuwa zimetekwa na wauaji, mazingira yaliharibiwa, wahisani walikuwa wamechoka, na nchi maskini ilikuwa imebeba mzigo wa dunia. Anaweza pia kuupinga kwa hoja nzito. Asichoweza kufanya ni kusema haukutokea mbele ya macho yake.

Jambo linalofanana na hilo lilijirudia baada ya miaka 17. Mwishoni mwa Julai 2013, akiwa ziarani Kagera, Rais Jakaya Kikwete aliamuru wahamiaji haramu waondoke, na Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu walivuka kwenda Rwanda. Miongoni mwao walikuwamo watu waliosema wameishi Tanzania kwa miongo mingi, wameoa na kuzaa hapa. Kila nchi ina haki ya kusimamia mipaka yake, wala operesheni ya uhamiaji haiwekwi katika mizani moja na mauaji ya kimbari. Hata hivyo, swali dogo linabaki kwa kila kijiji: siku jirani alipoambiwa si mwenzetu, nani alisema namjua huyu, na nani alienda kutazama mifugo iliyoachwa?

Kumbukumbu zinakufa na wenyewe

Mwanamke aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1994, leo amepita 60. Mzee aliyekuwa na 50 huenda hayupo tena. Kila msiba unaotokea Nyamiaga au Rusumo unaweza kuwa umezika ukurasa ambao hakuna aliyeunakili.

Rwanda imefanya sehemu yake kwa njia yake. Mahakama za gacaca, zaidi ya 12,000, zilisikiliza mashauri hadi 2012, na wanakijiji walilazimika kusema walichokiona. Arusha nako, ICTR iliwashtaki watu 93 kabla ya kufungwa Desemba 31, 2015, na kumbukumbu zake zimehifadhiwa huko huko. Lakini hizo ni kumbukumbu za mashitaka. Zinajibu swali la nani alitenda kosa. Hazielezi mtu wa kawaida alikula nini siku ile, alimwogopa nani, na kwa nini hakufungua mlango ulipogongwa.

Kwa upande wa Ngara hali ni duni zaidi. Tasnifu za wasomi wa nje kuhusu Benaco zipo, nyingi kwa Kiingereza. Sauti ya mwenyeji, kwa lugha yake, ni adimu.

Mfano wa kuigwa upo tena Ujerumani. Mwandishi Walter Kempowski alitumia miaka mingi kukusanya shajara, barua na picha za watu wasio na majina makubwa. Alipokea za askari, mama wa nyumbani, mfungwa, mtoto wa shule na mwanachama wa Nazi, akaziweka bega kwa bega bila kuzihukumu. Kati ya 1993 na 2005 alizichapisha katika juzuu kumi. Hazina yake yenye shajara na maandishi ya maisha yapatayo 8,000 sasa ipo katika Chuo cha Sanaa mjini Berlin. Thamani yake ni kwamba aliyeteseka na aliyenyamaza wanasomwa katika ukurasa mmoja, kwa sababu mara nyingi walikuwa mtu mmoja.

Kazi kama hiyo haihitaji mabilioni. Shule za sekondari za Ngara zinaweza kuwatuma wanafunzi kuwahoji babu na bibi zao. Redio ya wilaya inaweza kurekodi, na parokia zinaweza kuhifadhi. Halmashauri inaweza kutenga chumba kimoja. Kinachohitajika zaidi ni ujasiri wa kuuliza maswali mawili badala ya moja: ulipata taabu gani, na ulimwona nani akipata taabu ukafanya nini?

Swali la kwanza litaleta machozi. La pili litaleta ukimya, na mwulizaji asiogope kuukaa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wajerumani waliusubiri mshindo huo kwa miaka mingi, na ulipokuja ulitoka kwa watoto waliokuwa wakiwauliza baba zao kwa hasira. Ngara bado inao wazee wa kuulizwa kwa upole, kabla wajukuu hawajatunga simulizi zao wenyewe.